Sauti Yangu Kwenye Ukurasa wa Pampu

Jamani, hili jambo sijawahi kulisimulia kwa hiari yangu. Wengine wamelisimulia, tena mbele yangu, tena kwa kuongeza chumvi pale ambapo chumvi ilikuwa imeshajaa, kwa hiyo leo acha niliseme mwenyewe, niaibike kwa mpangilio. Ukipita Mwembesongo ukasikia mtu anaitwa "We Inalia!", na huyo anayeitwa akageuka amekunja uso, basi ujue ndiye mimi. Jina langu hasa ni Deo. Nina mke, nina watoto wawili, nina miaka kumi na miwili kwenye kazi ya kupanga kurasa za jarida, lakini nusu ya Morogoro inanijua kwa dakika moja ya upuuzi nilioutamka kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Jarida letu linaitwa Jembe na Sufuria. Mbele kilimo, nyuma mapishi, katikati kalenda ya kupanda ambayo watu huikata wakaibandika ukutani. Linatoka mara moja kwa mwezi, na mwenye nalo ni Mama Tabu, mwalimu mstaafu, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na kalamu nyekundu ambayo nadhani analala nayo. Alilianzisha kwa kiinua mgongo chake, watu wakimcheka. Ofisi iko ghorofani, juu ya fundi cherehani, na tuko watatu tu: Mama Tabu mhariri, Zuhura wa matangazo na usambazaji (huyu dada ana akili mpaka zinaniudhi), na mimi.

Sasa miaka ya karibuni hali ikawa mbaya. Karatasi ikapanda bei, wino ukapanda, na watu macho yao yakahamia kwenye simu. Marobota ya majarida tuliyokuwa tunatuma Dumila yakawa yanarudi hata kamba haijafunguliwa. Halafu siku moja akaja ofisini mama mmoja kutoka Nyandira, huko juu Uluguru, Mama Mkude, ameshuka mjini kuuza karoti, akapita kutuonyesha kosa letu kwenye vipimo vya mbolea. Jarida alilolishika lilikuwa limechakaa, lina alama za vidole vya matope, na pembeni mwa jalada yameandikwa majina kumi na moja kwa kalamu za rangi mbalimbali. Kila aliyemaliza kusoma anakata jina lake, anampa anayefuata.

Mimi nikapandwa na hasira. Mama Mkude alipoondoka tu nikasema, "Mama, unaona wanavyotuibia hawa? Mnunuzi mmoja, wasomaji kumi na mmoja!"

Mama Tabu akanitazama juu ya miwani, ule utazamaji wa mwalimu ambao hata ukiwa na ndevu unajihisi umevaa kaptula ya shule. Akasema, "Deo mwanangu, mimi nimefundisha darasa zima kwa kitabu kimoja. Hawa siyo wezi. Hii ni orodha ya wateja, na wamejiandikisha wenyewe."

Nakwambia, mimi nilikuwa nimeona wizi, mwenzangu ameona soko! Yeye na Zuhura wakakaa na lile wazo wiki nzima, wanaandika, wanafuta, wanapigia simu wasomaji mmoja mmoja kuwauliza wanataka nini, na mwisho wake wakatoka na mpango wa toleo la simu, tukalitengeneza kwa miezi kadhaa. Tena siyo zile kurasa za karatasi zilizopigwa picha, mtu unavuta maandishi mpaka vidole vinakufa ganzi, hapana. Kurasa nyepesi zisizomaliza bando, na kila ukurasa una kitufe cha sauti, kwa sababu Mama Mkude alisema wenzake wanafunga mafungu ya karoti mikono ina matope, karatasi haishikiki, lakini masikio yapo. Kikundi kinajiandikisha pamoja, kama yale majina ya jaladani: wanapata jarida moja la karatasi la kuzungushiana, na kila mmoja anapata la simu. Na kwenye kila tangazo Zuhura akaweka kitufe cha kupiga, msomaji akigusa tu, simu inaita dukani kwa mwenye tangazo. Hapo ndipo nilipomvulia kofia, maana wenye maduka siku zote walikuwa wanatuuliza, "Nitajuaje kama kuna mtu ameliona tangazo langu?", na jibu letu kwa miaka yote lilikuwa kutabasamu.

Mmoja wa waliokuwa wanauliza ni Mzee Jayanti, muuza pampu za maji pale mjini. Babu yake alikuja Morogoro kutoka India kabla babu yangu hajateremka mlimani, na Mzee Jayanti anakijua Kiluguru cha sokoni kunishinda mimi Mluguru. Jalada la nyuma lilikuwa lake tangu toleo la kwanza, na mwaka huu akaja kumwambia Mama Tabu kwamba anamheshimu sana lakini amechoka kutangaza gizani. Wakakubaliana hivi: siku ya kuzindua toleo la simu atakuja ukumbini, atafunguliwa ukurasa wake mbele ya macho yake, akiona tangazo linafanya kazi atasaini mwaka mzima, karatasi na simu. Asiporidhika, basi.

Mama Tabu hakutuficha. Alituita, akavua miwani, akasema, "Mzee Jayanti akiondoka, kiwanda cha uchapaji hatukiwezi tena. Jumamosi akikataa, toleo hili ndilo la mwisho. Nitafunga mlango nirudi kwenye migomba yangu." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya habari, ila kalamu nyekundu alikuwa anaizungusha zungusha vidoleni. Mama huyu ndiye aliyeniajiri nikiwa sina cheti, sina viatu vya maana. Niliapa moyoni kwamba Jumamosi ile sitamwangusha.

Sasa sikilizeni nilivyomwangusha.

Kwenye kazi yetu ya kupanga kurasa kuna kitu kinaitwa maneno ya kujazia. Nafasi ya habari ipo, habari yenyewe haijafika, basi unaandika chochote ili uone ukurasa utakavyokaa. Wenzangu huandika "habari habari habari" mpaka mwisho. Mimi nilikuwa naandika vituko. Nimewahi kuandika kwamba mbunge wa nyanya amepinduliwa na bilinganya, nimewahi kumtangaza paka wa fundi cherehani kuwa bwana shamba, na miaka kumi na miwili hakuna hata neno moja lililowahi kutoka nje, kwa sababu Mama Tabu alikuwa anapita na kalamu nyekundu, kiwandani wanasoma tena, na mpiga chapa naye anaangalia. Kwenye karatasi kuna milango mitatu kabla upuuzi haujafika mtaani, na mimi nilishazoea hiyo milango.

Jumatano ya wiki ile, dada wa kwaya tuliyemtafuta asome tangazo la pampu akapatwa na mafua, na ule mfumo wa kurushia kurasa za simu haukubali kwenda mbele kama kitufe cha sauti ni kitupu. Nikasema ah, ngoja nijazie. Nikashika simu, nikafunga mlango, nikajirekodi. Alhamisi yule dada akatuma sauti yake, nzuri kabisa, nikaihifadhi ili niiweke, halafu nikaitwa nikashike ngazi Zuhura atundike bango, ndiyo nikaisahau moja kwa moja.

Ijumaa mchana natoka mbio kwenda Kihonda kuazima projekta, namkuta Mama Tabu mlangoni na daftari. Ameorodhesha kurasa zote, anazitia vema moja moja. Nyingine alikuwa amezisikiliza mwenyewe (nilidhani Zuhura ndiye kamsikilizisha), imebaki moja tu. Akaniuliza, "Deo, ya pampu umeisikiliza?"

Nikasema, "Nimeisikiliza Mama, iko safi."

Akatia vema, akafunga daftari, akanipigapiga begani. Yaani hakuuliza mara mbili. Mambo yote yaliyofuata yameanzia hapo, kwenye hilo "iko safi" nililolitamka mguu mmoja ukiwa nje ya mlango.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara, maafisa ugani, kina mama wa vikundi wamevaa sare za vitenge, Mzee Jayanti kiti cha mbele na shati lake jeupe, simu mfukoni kifuani. Toleo lilikuwa limepangwa lijiachie lenyewe saa nne kamili kwa wote waliojiandikisha, na saa nne ikafika, Zuhura akapiga makofi, ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa mezani na simu ya ofisi, kurasa zinaonekana ukutani kupitia kompyuta na projekta, sauti inatoka kwenye spika mbili kubwa zilizoungwa na simu bila waya (hilo la bila waya likumbukeni). Mama Tabu akaongea vizuri mno, akaeleza habari ya yale majina kumi na moja, watu wakacheka kwa mapenzi. Tukafungua ukurasa wa mchicha, sauti safi. Tukafungua wa pilau, watu wakameza mate.

Mzee Jayanti akainua mkono. "Sasa fungua wangu."

Nikafungua, nikagusa kitufe, nikajiegemeza kwenye kiti kwa maringo. Na spika mbili zikasema, kwa sauti yangu, ile ya kubana pua:

"Je, ndugu mkulima, unayo pampu? Huna? Mshukuru Mungu! Pampu ya Mzee Jayanti ukiiwasha Nyandira, Kihonda wanaamka! Inalia kama imefiwa! Kuku hawatagi, mbuzi hawashiki mimba, mume na mke wanaongea kwa ishara…"

Mama yangu mzazi! Kwanza sikuelewa ni nani huyo mjinga anayeongea. Halafu nikaelewa. Nikaruka, nikavuta waya wa kwanza niliouona, nao ukawa wa projekta, kwa hiyo ukuta ukawa giza na sauti ikaendelea (si mnakumbuka, bila waya). "…Lakini maji? Maji yanakuja ndugu yangu, yanakuja mbio, maana nayo yanaikimbia kelele…" Nikaifuata simu mezani, mguu ukanasa kwenye ule ule waya niliouvuta, nikaenda na kitambaa cha meza, na kitambaa kikaja na sinia la sambusa na birika la chai, vyote chini, mimi juu yake, mafuta kwenye shati, chai kwenye suruali mahali ambapo sitapataja. "…Njoo dukani, utakaribishwa kwa chai ya rangi isiyo na sukari…" Nikiwa chini vilevile nikaikamata simu, mikono ina mafuta, nikawa nabonyeza kila kilichobonyezeka. Na nikabonyeza kitufe cha kupiga.

Mfukoni mwa shati jeupe, simu ya Mzee Jayanti ikaita.

Mzee wa watu, mfanyabiashara, simu haiachi. Akaitoa, akaiweka sikioni, akasema kwa upole, "Haloo, duka la pampu." Akasikia mtu anahema. Akageuza shingo polepole, akanitazama pale chini kwenye sambusa. Sauti yangu nayo ilikuwa imenyamaza ile simu ilipoita, nikafikiri angalau hapo Mungu kanihurumia, nikakata simu upesi. Ikaendelea ilipoishia.

"…Mama Tabu akisikia hii atanifukuza kazi! Lakini hatasikia. Mama na simu wapi na wapi, yule mambo yake ni ya karatasi, huku kwetu atapajulia wapi!"

Hapo ndipo sauti ikaisha. Mambo ya pampu yalikuwa aibu, sawa, lakini hili la mwisho lilinikata maini, kwa sababu nilikuwa namwona Mama Tabu kutoka pale chini, amesimama na maikrofoni, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeumizwa na wa nyumbani. Nikasema moyoni, Deo, umemfungia mama huyu jarida lake kwa mkono wako, na ukamtukana juu.

Mama Tabu akavaa miwani. Akasema, "Ndugu wageni, sauti mliyoisikia ni ya huyu aliyelala kwenye sambusa. Anaitwa Deo, na ni mpanga kurasa mzuri kuliko anavyoonekana sasa hivi. Ila ukurasa huu niliupitisha mimi, sikuusikiliza. Kosa likitoka jaridani ni la mhariri. Mzee Jayanti, niwie radhi." Kisha akashuka jukwaani, akanyoosha mkono kwangu, "Nipe simu."

Nikampa, ina mafuta tele. Akaifuta kwa kanga yake, kwa utulivu, ukumbi mzima unamwangalia. Na mbele ya macho yetu yule mama wa karatasi akaingia kwenye mfumo kwa namba yake mwenyewe ya siri, akaukuta ukurasa wa pampu, akaiondoa sauti yangu, akabonyeza kurekodi, akasema: "Wasomaji wetu, naitwa Mama Tabu, mhariri. Sauti mliyoisikia hapa mwanzo haikuwa tangazo, ilikuwa mzaha wa ofisini ambao haukupaswa kuwafikia. Tunawaomba radhi ninyi na Mzee Jayanti. Pampu zake nimezitumia kwenye migomba yangu, nazijua. Ukitaka kuuliza, gusa kitufe, atapokea mwenyewe." Akasikiliza mpaka mwisho, akakubali, akarusha. Nadhani haikufika hata dakika tatu. Kumbe miezi yote ile, kila jioni kabla ya kufunga ofisi, alikuwa anabaki na Zuhura anajifunza, anaandika hatua kwenye daftari kama mwanafunzi.

Akamgeukia Mzee Jayanti. "Kwenye karatasi, masahihisho haya ungeyasubiri mwezi mzima. Sasa hivi yako Nyandira."

Hapohapo simu ya Mzee Jayanti ikaita tena. Akaniangalia mimi kwanza, kuhakikisha siyo mimi. Akapokea, akaweka sauti ya nje. Akasikika mama anayeongea kwa nguvu kama aliye ng'ambo ya bonde: "Shikamoo mzee! Mimi Mama Mkude wa Nyandira! Tumesikia hapa tunafunga karoti, tumecheka mpaka karoti zimeanguka! Sasa hiyo inayolia ndiyo ile ya bluu? Mbona yangu ni ya bluu, inalia kweli, huu ni mwaka wa tano inalia, lakini haijawahi kugoma! Mpira wake wa kuvutia maji umepasuka, unao?"

"Ninao," akasema Mzee Jayanti.

"Niwekee. Na jirani yangu hapa anataka pampu, muongee!"

Akaongea na jirani. Alipokata, ikaita nyingine. Zuhura, naapa, alikuwa analia na kucheka pamoja. Baada ya simu ya nne mzee akaizima, akasimama, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama nachuruzika chai. Akasema, "Kijana. Chai yangu ina sukari."

"Nakuomba radhi mzee wangu, shikamoo," nikasema. (Ndiyo, nilimwamkia, sijui kwa nini, nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.)

"Marahaba. Jumatatu utakuja dukani uinywe, uione." Akamgeukia Mama Tabu. "Mama, huyu hana adabu. Lakini nimetangaza miaka yote hii, leo ndiyo nimesikia mtu anasikiliza. Na wewe nimekuona unavyosafisha mbele za watu. Lete karatasi nisaini."

Mimi nikaketi palepale kwenye sambusa, nikalia kama pampu.

Msidhani niliponea hapo. Sauti ile ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu, kuirudisha haiwezekani, mpaka leo kuna watu wameifanya mlio wa simu. Toleo la karatasi lililofuata lilikuwa na masahihisho yenye jina langu kamili, na nilipanga ukurasa ule mwenyewe, herufi kwa herufi, Mama Tabu amesimama nyuma yangu. Halafu akanituma Nyandira nikawaombe radhi wasomaji uso kwa uso. Nilipanda huko na hotuba ya toba mfukoni, nikawakuta kina mama wanasubiri, na kabla sijafungua mdomo wakasema, "Rudia ile ya mbuzi!" Jarida lao lilikuwa limefika kwa jina la kumi na moja. Mama Mkude akachukua kalamu, akaandika la kumi na mbili: Inalia. Na vikundi vingine siku hizi vinatuma majina yao kwa Zuhura bila kuitwa, na la karatasi wanalitaka vilevile, kwa ajili ya kalenda ya ukutani, kwa hiyo marobota ya Dumila sasa hayarudi.

Mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, maneno yangu ya kujazia sasa ni "habari habari habari" mpaka mwisho, na paka wa fundi amestaafu ubwana shamba. La pili, sitasema tena "iko safi" kuhusu kitu ambacho sijakisikiliza siku hiyo, saa hiyo, mpaka mwisho wake.

Hata ningetaka, nisingeweza. Kila mwezi, siku moja kabla ya kurusha toleo, Mama Tabu anavuta kiti kando ya changu, anachomeka kisikilizio kimoja sikioni kwake, cha pili ananipa mimi, na tunazisikiliza kurasa zote pamoja, haturuki hata moja. Tukifika ukurasa wa pampu ananitazama juu ya miwani, hatabasamu, hakasiriki, anasema tu neno moja:

"Nasikia."